Unakwenda Sanje? Anza na saa ya kurudi

Wanaoniuliza kuhusu maporomoko ya Sanje huanza na viatu, au wapi picha zinatoka vizuri. Mimi huanza na saa: mtakuwa mmetoka msituni saa ngapi? Hilo likishajibiwa, mengine yote yanapangika, kuanzia basi la kupanda hadi idadi ya chapati za kubeba.

Kwa asiyepajua, Sanje ni maporomoko ya maji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ni hifadhi ya kutembea kwa miguu. Huwezi kukaa ndani ya gari ukamwangalia mnyama dirishani. Maji yanashuka kwa ngazi, jumla kama mita 170, na juu kabisa ukigeuka nyuma unaona bonde la Kilombero lote limelala chini, na mashamba ya miwa yamekatwa viwanja viwanja. Ndiyo maana ninapapenda kiasi hiki.

Sasa kuhusu saa. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo mtu anapiga hesabu kwamba saa kumi bado mchana mweupe. Sanje haiko hivyo. Msitu uko upande wa mashariki wa mlima, na jua la alasiri linajificha nyuma ya mlima mapema. Ongeza majani ya miti mikubwa juu ya kichwa, na saa kumi na moja chini ya miti huoni mzizi ulio mbele ya mguu wako. Kushuka ndiko kunakovunja watu, na utashuka ukiwa na miguu iliyochoka. Kwa hiyo mimi hutaka kundi langu liwe limefika chini kabla ya saa tisa. Kwenda na kurudi, kwa mwendo wa kawaida, na kupumzika, na kuoga kidogo, ni muda wa kama saa nne hadi tano. Ukianza saa mbili asubuhi una nafasi ya mtu kuumwa goti. Ukianza saa tano huna nafasi ya chochote.

Tunawekeana sharti kabla hata ya kufunga kamba za viatu: saa saba mchana ikifika, popote tulipo, tunageuza. Hata kama maporomoko ya juu yamebaki dakika ishirini. Lisemwe mbele ya wote, kwa sababu mkiwa juu, yule mwenye nguvu ndiye atakayesema "bado kidogo tu", na aliyechoka ataona aibu kumpinga.

Ili uanze saa mbili, lazima ulale karibu. Usijaribu kutoka Dar alfajiri ukapande siku hiyo hiyo. Dar hadi Mikumi ni kama kilomita 300, kisha unakata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara, kama kilomita 60 nyingine hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Mabasi ya Ifakara yanapita hapo. Nyumba za wageni za bei nafuu zipo, na ukifika jioni pita ofisini ujue utaratibu wa asubuhi: nani atawaongoza, mnakutana wapi, ada ni kiasi gani kwa Mtanzania na kwa mgeni. Malipo ni kwa kumbukumbu namba, benki au kwenye simu, kwa hiyo weka salio la kutosha mapema. Kijiji cha Sanje kiko nyuma kidogo, upande wa Kidatu, na bodaboda hazikosekani. Kitambulisho usisahau.

Mwongozaji ni lazima, na usimwone kama gharama. Safari moja aliyetuongoza alisimama ghafla, akainama, akaweka kiganja juu ya kinyesi cha tembo njiani. Akakivunja kwa kijiti, akatazama ndani, akanigeukia: "Dada, hawa wamepita alfajiri. Twende polepole, na tusipige kelele mpaka tuvuke hapa." Mimi nilikuwa nimeona bonge la majani makavu tu. Tembo wapo Udzungwa, na njia zao zinakatiza zetu. Na ni yeye huyo aliyetuonyesha mbega wekundu juu ya miti. Kuna pia aina moja ya kima, mangabei wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu na hapatikani popote pengine duniani isipokuwa milima hii. Usimwahidi mtoto kwamba atamwona, lakini mwambie kwamba yupo.

Mwezi wa kwenda? Juni hadi Oktoba. Nikichagua, nachagua Juni: masika yameisha, njia inakauka, na maji bado ni mengi. Machi hadi Mei mimi siendi. Udongo unateleza, na hatari kubwa iko mtoni kwenyewe: mvua inaweza kunyesha juu mlimani huku ninyi mko chini mnaota jua. Mkiwa kwenye bwawa mkaona maji yamegeuka rangi ya tope, au majani na vijiti vinaanza kuja kwa wingi, tokeni hapo hapo na mpande juu ya kingo. Usirudi kuchukua kiatu.

Kuoga kunaruhusiwa pale mwongozaji atakapowaonyesha, na maji ni baridi kweli. Lakini chini ya maporomoko yenyewe usiingie. Maji yakianguka kutoka juu namna ile huja na mawe na vipande vya matawi. Usiruke kichwa mbele, maana chini kuna miamba usiyoiona. Na jiwe la kijani lenye kung'aa usilikanyage kabisa, hata kama picha ingependeza juu yake.

Vaa raba zenye meno ambazo umeshazitembelea, siyo mpya za dukani, na kandambili ziwe za kule kwenye maji tu. Suruali ndefu ya kitambaa chepesi, soksi zifunike pindo la suruali. Siafu hawana mzaha, na upupu ukikugusa mguuni siku yako imeisha. Maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu. Chakula: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, ndizi, chapati. Wali na mchuzi uacheni chini. Kila ganda na kila chupa inarudi na aliyeileta.

Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni mwake mwenyewe, isikae kwenye begi la mtu aliyetangulia. Mwenye presha aseme kabla ya kuanza, amwambie na mwongozaji. Anayetembea taratibu kuliko wote akae mbele, nyuma tu ya mwongozaji, na wengine wafuate mwendo wake. Akikaa nyuma, kila akiwafikia mliokuwa mmepumzika ninyi mnaondoka, yeye hapumziki hata mara moja.

Mtandao wa simu msituni hautegemeki. Muachie mtu wa nyumba ya wageni ujumbe: tuko wangapi, tumeenda Sanje, ikipita saa kumi na moja hatujarudi piga simu ofisi ya hifadhi, na namba umwandikie kabisa. Tochi beba hata kama mpango ni kurudi mchana.

Mkishafika chini saa nane au tisa, mpeni mwongozaji ahsante yake mkononi, mrudi Mang'ula mkaoge. Hapo ndipo pa kuagiza wali wa mchele wa Kilombero na samaki wa mtoni. Mlale tena usiku huo, basi la Dar mlipande asubuhi.