Mwache Mama Asali, Ila Vidonge Avimeze

Mtu aliyelelewa katika nyumba ya sala, kisha akafika mahali ambapo haamini tena kwamba kuna anayesikiliza, hukutana kwanza na tatizo ambalo halimo katika mijadala mikubwa ya kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu: wageni wamekaa mezani, pilau inapoa, na baba mdogo anamgeukia na kusema, "Haya mwanangu, tuongoze." Mimi nimelelewa katika usharika wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro, nikapata kipaimara pamoja na wenzangu, nikaimba kwaya ya vijana, na leo siamini kwamba sala hufika popote nje ya kichwa cha anayesali. Hata hivyo naishi na watu wanaosali asubuhi na jioni, nawapenda, na sina mpango wa kuwahama. Kwa aliye katika hali kama yangu, shauri langu ni kwamba asimalize nguvu zake kwa kupinga sala zenyewe, azitunze kwa ajili ya siku ile ambayo sala itawekwa mahali pa dawa.

Jambo la meza ni dogo na lina jibu jepesi. Mimi husema, "Baba mdogo, wewe ndiye mkubwa hapa, tuombee," naye huomba, nami hutulia hadi amalize. Siitikii "amina" kwa sauti, wala sichezei simu. Rafiki zangu wasioamini huniambia kwamba huo ni unafiki, nami huwauliza kama huwa wanakaa kitini wimbo wa taifa unapopigwa, maana "Mungu ibariki Afrika" ni sala kuanzia neno la kwanza, kama ulivyo ule wa jirani zetu wa Kenya, na bado tunauimba wote uwanjani bila kuulizana imani.

Kwamba sala haibadilishi mwenendo wa ugonjwa sikuamua kwa hasira ya ujana. Watu wamelipima jambo hili. Mwaka 1872 Mwingereza Francis Galton, binamu yake Charles Darwin, alichapisha hesabu zake kuhusu nguvu ya maombi: aliona kwamba wafalme huombewa maisha marefu kila Jumapili katika nchi nzima, akalinganisha umri wa kufa wa watu wa jamaa za kifalme na ule wa matajiri wengine, akakuta kwamba hao wanaoombewa kuliko wote ndio walioishi miaka michache zaidi. Hesabu ya Galton ina matundu mengi na simshauri mtu aitegemee. Ile inayostahili kusomwa kwa makini ni ya mwaka 2006, iliyoongozwa na daktari Herbert Benson wa Marekani na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na Templeton Foundation, taasisi ambayo haina uadui wowote na dini. Wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali 6 waligawanywa katika makundi matatu: kundi moja liliombewa bila kuwa na hakika kama linaombewa, la pili halikuombewa nalo likiwa katika hali hiyo hiyo ya kutojua, na la tatu liliombewa na likaambiwa waziwazi kwamba linaombewa. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, 51 katika la pili, na 59 katika la tatu. Mmoja wa watafiti alidhani kwamba hao wa tatu huenda waliingiwa na hofu, wakajiuliza kama hali zao zilikuwa mbaya kiasi cha kuitiwa waombaji. Muumini atasema kwamba hakuna aliyeweza kuwazuia ndugu wa wagonjwa wa kundi la pili wasisali majumbani mwao, na hoja hiyo ni ya haki. Inabaki kweli kwamba maombi yaliyoongezwa hayakuonekana popote kwenye matokeo.

Takwimu hizi ni zako, za kukutuliza wewe unapojiuliza usiku kama umepotea njia. Usizipeleke msibani, wala usimsomee shangazi aliyekesha na mgonjwa wake. Sijawahi kuona mtu aliyeacha kuamini kwa sababu ya asilimia.

Kinachofaa kujadiliwa nyumbani, tena kwa upole, ni ushuhuda, kwa sababu ushuhuda ndio unaowafanya watu wafanye maamuzi. Katika ibada za maombezi kipaza sauti hupewa aliyepona. Aliyeombewa kisha akafa hana namna ya kurudi kusimulia, na ndugu zake hawaitwi mbele. Aliyeombewa na hali ikabaki vilevile huona haya, pengine ameshaambiwa kwamba imani yake ni haba, kwa hiyo hukaa nyuma na kunyamaza. Baada ya miaka kumi ya Jumapili kama hizo, mtu mwenye akili timamu kabisa huwa amesikia mamia ya waliopona na hajasikia hata mmoja ambaye hakupona, naye huhitimisha kama ambavyo mimi na wewe tungehitimisha tungepewa habari za upande mmoja tu. Tena magonjwa yanayotoa ushuhuda mzuri ni ya aina fulani. Kuna yanayopanda na kushuka yenyewe, kama maumivu ya mgongo, pumu na vidonda vya tumbo. Mtu huenda kuombewa siku yamepanda, na yanaposhuka sala ndiyo inayosifiwa. Kuna pia yanayokaa kimya mwilini, na hayo ndiyo ya kuogopwa.

Presha ni mojawapo. Mama yangu aliwahi kuhudhuria mkutano wa maombezi uliofanyika uwanjani karibu na kwetu, mhubiri aliyetoka mbali akamwekea mikono na kumwambia kwamba presha imeondoka. Alirudi nyumbani mwepesi kweli. Akavifunga vidonge vyake kwenye mfuko wa nailoni, akauweka juu ya kabati, na kwa majuma kadhaa kila alichokihisi kilimthibitishia kwamba amepona: kichwa hakikumuuma, alilala vizuri, alishinda bustanini akipalilia migomba. Shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili hadi siku linapopasua mshipa kichwani au kuchosha figo, kwa hiyo mtu aliyeacha dawa na mtu aliyepona huweza kujisikia sawasawa kwa muda mrefu. Aliyeacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hali yake ni hiyo hiyo: virusi huongezeka damuni huku yeye akijiona ana nguvu.

Nilipofika likizo na kuelezwa habari hiyo sikugombana naye, wala sikumtaja mhubiri. Nilimwambia, "Mama, kama umepona ni furaha yetu sote. Twende basi tukapime, ili ushuhuda wako uwe na karatasi." Hilo hakuweza kulikataa, kwa kuwa anayeamini kweli kwamba amepona haogopi kipimo. Zahanati nesi alimfunga kile kitambaa mkononi, mashine ikavuta pumzi na kuachia, akasoma 182 kwa 108, akarudia mkono wa pili, akaigeuza mashine ili mama aone mwenyewe. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi Mungu ametumia mashine kunionyesha." Mimi sikuongeza neno. Alikuwa amepata njia ya kurudi kwenye dawa bila kuaibika mbele ya mtu yeyote, na kama ningemnyang'anya njia hiyo kwa ajili ya kushinda hoja, sijui ningekuwa nimemfaidia nani. Tangu siku hiyo vidonge vinakaa mezani pamoja na kitabu cha nyimbo. Akimaliza sala ya asubuhi anameza. Hasahau, kwa sababu sala haisahau.

Nawashauri wenzangu wafuate utaratibu huo: dai kipimo, acha ubishi wa mbinguni, kisha funga dawa kwenye desturi ya sala iliyopo tayari. Mtafute pia mchungaji, padri au sheikhe mwenye busara, maana neno lake litapokelewa pale ambapo lako litaitwa kiburi cha msomi. Wapo wengi kuliko tunavyodhani. Makanisa yale yale yanayosali ndiyo yaliyojenga sehemu kubwa ya hospitali zetu, na hospitali nyingi za kanisa huanza siku kwa ibada, kisha daktari akaingia wodini kuandika dawa, bila mtu yeyote kuona kwamba kimoja kinamfukuza mwenzake.

Walio na umri wa kukumbuka mwaka 2011 hawahitaji kuelezwa kinachotokea mstari kati ya sala na dawa unapofutika. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alitangaza kwamba Mungu amemwonyesha dawa ya mti wa mugariga, na kijiji cha Samunge kikafurika watu kutoka kila mkoa na kutoka nchi jirani, magari yakipanga foleni ya kilomita nyingi kwa ajili ya kikombe kimoja cha shilingi 500. Mawaziri walikwenda wakanywa, picha zao zikatoka magazetini. Bei ile ilikuwa ndogo mno kwa mtu kumwita Babu tapeli, na nadhani hilo ndilo lililowazuia wengi kuuliza maswali. Wapo wagonjwa waliotolewa wodini ili wapelekwe Samunge wakafia njiani, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi au za sukari baada ya kikombe, wakarudi kliniki wakiwa hoi. Aliyekunywa kikombe na akaendelea na vidonge vyake hakupoteza zaidi ya nauli. Ukikumbuka tofauti hiyo utajua ni wakati gani wa kunyamaza na ni wakati gani wa kusimama mbele ya gari. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu, wakiwamo watoto ambao hawakuwa wameamua lolote. Mahali kama hapo hakuna adabu ya kumheshimu mtu na imani yake. Panapigwa simu polisi.

Katika misiba, ambako ndiko asiyeamini huogopa zaidi, mambo ni rahisi kuliko yanavyoonekana kwa mbali. Omba kazi. Shika daftari la rambirambi, fuatilia turubai na viti, mpeleke fundi wa jeneza vipimo, hakikisha wazee wamepata chai. Katika miaka yote niliyofanya hivyo sijaulizwa kuhusu imani yangu, kwa kuwa aliyeshika daftari hana nafasi ya kuitwa kuongoza ibada. Na mtu akikuambia "nakuombea", mshukuru. Anakuambia kwamba amekukumbuka, na hilo limetokea kweli, hata kama hakuna aliyelisikia zaidi yenu wawili.

Kuhusu kujitangaza, usiharakishe, na hasa usijitangaze kwenye kundi la familia la WhatsApp ambako kila sentensi itapelekwa kwa mama mkubwa bila sauti yako. Mwambie mtu mmoja kwanza, ana kwa ana. Sheria haikukatazi: Katiba ya Tanzania inaieleza Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini na inalinda uhuru wa imani katika ibara ya 19, na ya Kenya ya mwaka 2010 inasema katika ibara ya 32 kwamba mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Ukiitwa mahakamani kutoa ushahidi unaweza kuthibitisha kwamba utasema kweli bila kushika kitabu cha dini yoyote. Mweleze karani mapema. Lakini katiba haikai sebuleni kwenu. Chama cha wasioamini cha Kenya kilisajiliwa mapema mwaka 2016, na kabla miezi haijawa mingi usajili huo ukasimamishwa, wakalazimika kuupinga uamuzi huo mahakamani, na hali katika sensa ya mwaka 2019 Wakenya 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini. Aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu ana mambo mazito zaidi ya kupima, kwa sababu ndoa na mirathi vinaweza kuguswa na kauli yake, na mtoto wa Kilutheri kama mimi hana haki ya kumwita mwoga akiamua kunyamaza maisha yake yote. Kijana anayelishwa na kulipiwa ada na wazazi naye asubiri hadi awe na kipato chake.

Lililobaki ni watoto. Mke wangu anaamini, na tulikubaliana kabla ya harusi kwamba watoto wataenda kanisani pamoja naye hadi wafikie umri wa kipaimara, kisha kila mmoja atachagua. Mimi nilidai mambo mawili tu: kwamba wasitishwe kwa moto wa jehanamu wakiwa wadogo, na kwamba wakiniuliza kama baba anasali niwaambie kweli. Wameuliza. Niliwajibu kwamba sisali, kwamba mama yao anasali, kwamba sisi wawili tumelizungumza sana na hatujakubaliana. Mdogo akataka kujua ni nani kati yetu aliye sahihi, nami nikamwambia kila mmoja wetu anadhani ni yeye, aendelee kutuuliza wote wawili.