Kupakia Mafaili Yaliyobadilika tu kwa rsync

Anayetunza tovuti kwa bando la simu hana sababu ya kuendelea kutumia scp, programu ya kunakili mafaili kati ya kompyuta na seva, katika kazi ya kila siku, kwa kuwa programu hiyo hunakili kila faili lililotajwa, liwe limebadilika au la. Mimi hutumia rsync, programu inayotuma yaliyobadilika tu, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, na bado sijaona inayoizidi kwa kazi hii.

Kwanza rsync hulinganisha ukubwa wa faili na saa lilipobadilishwa mara ya mwisho. Vyote viwili vikilingana, faili halitumwi. Visipolingana, seva huligawa faili lake la zamani vipande vipande, hukokotoa namba za kukitambulisha kila kipande na kukutumia namba hizo, kisha kompyuta yako huvitafuta vipande hivyo ndani ya faili jipya, hata kama vimesogea, na kutuma yale tu ambayo seva haina. Ndiyo maana faili kubwa lililoongezewa mistari michache hupanda upesi. Faili lililobanwa kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa mafaili, halinufaiki sana, kwani badiliko dogo mwanzoni huweza kuvuruga yote yanayofuata.

Amri ninayoanza nayo ni hii:

rsync -avzn --delete tovuti/ mimi@seva:/var/www/tovuti/

Herufi n huifanya ionyeshe orodha ya yale itakayoyafanya bila kugusa chochote. Nikiridhika na orodha, naiondoa n na kurudia. Nasisitiza hatua hii kwa sababu --delete hufuta kwenye seva kila kisichokuwepo kwako, zikiwemo picha ambazo wateja wamezipakia wenyewe, ambazo huna budi kuzikinga kwa --exclude 'uploads/' (uploads ikiwa ndiyo folda yake). Uangalie pia mkwaju (alama ya /) baada ya jina la folda ya kwanza: ukiwepo, yanatumwa yaliyomo; usipokuwepo, folda yenyewe inaundwa ndani ya ile ya seva, na tovuti inabaki kama ilivyokuwa huku wewe ukishangaa.

Wanaotumia Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, watakuta wakati mwingine kwamba mafaili mengi yanahesabiwa kuwa yamebadilika, kwa kuwa Git haihifadhi saa za mafaili. Hapo -c husaidia: hulinganisha yaliyomo badala ya saa, ingawa hulazimika kusoma kila faili pande zote mbili. Kwa mtandao unaokatika ongeza -P, ili sehemu iliyokwisha kufika itumike utakapoanza tena.

Sharti moja ni kwamba rsync iwe imewekwa pande zote mbili, nazo huduma za bei nafuu za kuhifadhi tovuti mara nyingi hutoa FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili, peke yake. Huko natumia lftp, programu ya kupakia mafaili kwa FTP, na amri yake mirror -R --only-newer, inayochagua mafaili mapya zaidi lakini hulituma kila moja zima. Kama seva inakubali sftp, njia ya kuhamisha mafaili kwa usimbaji, lftp huunganishwa kwa njia hiyo pia, na ni heri kuliko FTP ya kawaida, ambayo hupitisha nenosiri wazi mtandaoni.