Maswali yenu: Wanzuki (pombe ya asali) drai, isiyobaki na sukari

*Nimeweka kilo 2 za asali, nikajazia maji mpaka lita 5. Imeacha kuchachuka ila tamu kama soda. Shida nini?*

Asali nyingi tu. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, sasa wewe umeweka gramu 320 hivi za sukari kila lita, na isti (hamira) nyingi za waini zikifika pombe ya asilimia 14 hivi zinachoka, inayobaki ndo huo utamu. Weka kilo 1 na robo kwa lita 5 zote, itaishia asilimia 11 au 12 na sukari imeliwa yote. Udrai unaamuliwa siku ya kuchanganya, sio siku ya kunywa.

*Hamira ya maandazi inafaa?*

Inafaa, ila mara nyingi inakata tamaa mapema na haitulii vizuri chini ya dumu. Ukipata isti ya waini iitwayo EC-1118 chukua hiyo, inavumilia mpaka asilimia 18.

*Yangu nimepima vizuri ila imekwama wiki ya pili.*

Njaa hiyo. Asali ina sukari kibao lakini naitrojeni karibu hakuna, na isti bila naitrojeni inadoda, wakati mwingine inaanza kunuka mayai viza. Wape virutubisho vya isti kidogo kidogo siku za mwanzo, ukikosa kabisa chemsha kijiko cha hamira ife, ipoe, mimina humo, isti hai zitaila. Zabibu kavu mnazoambiwa kila mahali hazisaidii chochote cha maana.

*Nitajuaje imekauka, yaani sukari imeisha? Sina haidrometa, kile kipimo cha kuelea cha uzito wa kimiminika.*

Nunua jamani. Ulimi unadanganya, harufu ya asali peke yake inakufanya uhisi utamu ambao haupo, na mapovu kuisha sio ushahidi. Ikisoma chini ya 1.000 (ya maji matupu), tuseme 0.996, na wiki mbili baadaye iko palepale, basi. Ukifunga chupa kabla ya hapo zinaweza kupasuka, na vioo havichagui nani kakaa karibu.

*Imekauka lakini inachoma koo.*

Uko Dar nini? Joto kali wakati wa kuchachuka linaleta huo ukali. Round ijayo tumbukiza dumu kwenye beseni la maji, lifunike na kitambaa kibichi. Hii ya sasa iache miezi kadhaa, itapoa. Na tafuta asali nzito ya miombo, ya Tabora kwa mfano, maana utamu ukishaondoka kinachobaki ni harufu, ya asali hafifu inabaki kama maji.

*Naweza kuongeza asali kidogo mwishoni?*

Kwenye glasi, ndiyo. Kwenye chupa usithubutu, isti bado zimo.