Mwagieni mezani mfuko wa dawa

Swali lenu la wiki: mtu akikohoa miezi na hajui kwa nini, chanzo akitafute wapi? Mimi ningeanza na kifua kikuu, kisha niende moja kwa moja kwenye vidonge anavyomeza kila siku.

Kifua kikuu kwanza kwa sababu kinaambukiza, na nyumba zetu za Majengo zina wapangaji chungu nzima wanaopumua hewa ya ukumbi mmoja. Kikohozi cha wiki mbili si cha kungojea. Makohozi hupimwa bure katika vituo vya serikali, na dawa pia ni bure.

Mama mkwe wangu alipimwa, hakukutwa nacho. Picha ya kifua ilikuwa safi. Basi mtaa mzima ukawa daktari: habasoda na asali, tangawizi, ndimu ya kuchoma. Jirani mmoja alilaumu upepo wa kaskazi, mwingine vumbi la simiti. Chupa za dawa ya kifua zikajaa dirishani, na bi mkubwa anakohoa vilevile, kikohozi kikavu, cha kuwasha koo, usiku hakuna anayelala.

Aliyefumbua fumbo ni daktari kijana aliyeuliza, "Bi mkubwa, hizo dawa za presha unameza zipi?" Ilikuwa enalapril. Dawa za kundi hilo, pamoja na captopril na lisinopril, huzuia kimeng'enya (protini ya mwilini inayoharakisha kazi za kemikali) kinachopandisha presha. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hichohicho huvunja kemikali iitwayo bradikinini. Isipovunjwa hurundikana na kuchokoza njia ya hewa. Kikohozi hiki huwapata zaidi wanawake. Na kinachowapoteza watu ni kwamba kikohozi chaweza kuanza miezi mingi baada ya kidonge cha kwanza, basi nani atakishuku?

Alibadilishiwa, akapewa losartan, dawa ya presha ya kundi jingine. Hakupona siku ile, na akaanza kuninong'oneza kwamba yule kijana ametudanganya. Kwa kawaida huchukua wiki moja hadi nne, wengine hata miezi mitatu. Kikaisha.

Asiyemeza dawa hizo atazame kwingine: mafua yanayotiririka nyuma ya koo, pumu isiyotoa mlio wowote ila kikohozi, tindikali ya tumbo inayopanda (nyinyi mnaokula biriani saa nne usiku na kulala papo hapo), sigara, moshi wa jikoni. Akitema damu, akikonda au akikosa pumzi, aende hospitali leo.

Ila mtu asiache dawa ya presha kwa sababu ya barua hii. Presha ikiachwa huleta kiharusi. Aende na vidonge vyake mkononi, abadilishiwe na daktari. Kaka yake mama mkwe anameza enalapril ileile miaka yote, na sijapata kumsikia akikohoa.