Mwalimu, anza na rundo la madaftari

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ari inarudije wakati una mikondo minne ya hisabati Kidato cha Pili, kila mmoja wanafunzi 60, na Jumapili jioni moyo unakuwa mzito. Wengi watakushauri likizo au semina. Mimi naona uanze na madaftari.

Piga hesabu. Madaftari 240 kwa dakika mbili kila moja ni saa nane. Ukitoa zoezi mara mbili kwa wiki ni saa 16, na bado zamu na andalio la somo hujavigusa. Hapo hata mshahara ukipanda, utachoka tu.

Zoezi toa mikondo yote, ila kusanya mkondo mmoja kwa siku, tena safu moja tu, madaftari 15. Hiyo ni nusu saa. Usikimbilie kuweka alama. Andika kwenye karatasi makosa yanayojirudia. Mara nyingi ni matatu au manne tu. Chukua hili: 3(x − 4) = 3x − 4. Kipindi kinachofuata liandike ubaoni bila kutaja jina, waache wabishane dakika tano kwa nini haliko sawa, kisha kila mtu arekebishe lake kwa penseli. Safu nyingine wabadilishane madaftari na wasahihishe kwa majibu ya ubaoni.

Safu usiitangaze mapema. Wakishajua leo si wao, nusu ya darasa haiandiki kitu. Mtihani wa mwezi sahihisha mwenyewe wote, kwa sababu huko urafiki huzaa tiki nyingi.

Kikwazo ni wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wanaopenda kuona daftari lenye wino mwekundu. Ongea na mwalimu wa taaluma kabla hujaanza, na ile karatasi ya makosa iweke tarehe, uitunze kwenye faili la maandalio.

Linalochosha zaidi baada ya hapo ni kurudia somo lile lile mara nne. Mkondo D unampata mwalimu aliyekwisha kukauka. Badilisha dakika tano za mwanzo tu: A uanze na swali, B na kosa la A, C mwanafunzi afundishe mfano mmoja, D uanze na jibu watafute swali. Ukibadilisha somo zima umejiongezea maandalizi mara nne, na ndiyo mzigo ule ule tunaoukimbia.