Swali lako la kamera

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, sisi hapa Ngamiani hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Swali lako la kwenye simu nimelala nalo siku mbili. Ulisema ulitumwa kwenye mafuriko, ukamkuta mama mmoja juu ya paa na wanawe, ukashindwa kuinua kamera. Ukaniuliza: "Baba, anayempiga picha mwenye shida ana utu kweli?"

Nitakujibu kwa kisa cha Mohamed Amin, mpiga picha wa habari. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963, kijana mbichi. Alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 akafungwa Unguja karibu mwezi mzima.

Lakini swali lako liko Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, wakati wa ile njaa kubwa. Amin alihangaikia kibali mpaka akakipata, akaenda na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Walifika kukiwa na baridi kali, maelfu ya watu wamejikunyata uwanjani, na maiti za usiku ule zimelazwa kando. Angebeba mikate mingapi, mwanangu? Alibeba kamera. Picha zilipoonyeshwa tarehe 23, dunia iliyokuwa imekaa kimya ikaamka, na chakula kikaanza kupelekwa kwa ndege na meli. Mimi nasema chakula kile kilipitia kwenye lenzi yake.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996, ndege aliyopanda ilipotekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija, visiwani Komoro.

Sasa nikwambie nisilowahi kukwambia. Zamani, nikiwa bado na studio, nyumba ya jirani iliungua. Nilipiga picha tatu, yule mama akilia mbele ya moto. Usiku nikaona haya, nikauvuta mkanda na kuuanika kwenye mwanga. Baada ya wiki akaja studio. Alitaka picha awapelekee kaka zake, maana hawakuamini kwamba hakubakiwa na kitu. Nilikosa la kumjibu. Mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza uso.

Rudi kwa yule mama wa kwenye paa. Muulize jina lake, muombe ruhusa, umpige picha. Na nakala ya kwanza umpe yeye.

Baba yako,
Tanga