Castaño na Nguo ya Buluu

Wiki hii mhariri ameuliza ni tamthilia gani ya zamani, ya nchi nyingine, ambayo wasomaji wangependa kuiona ikichezwa kwa Kiswahili. Nadhani wengi watarudi kwa Shakespeare, na siwalaumu, kwa kuwa njia hiyo Mwalimu Nyerere alikwisha kuifyeka. Mimi ninaomba tamthilia ya mtawa. Ni Los empeños de una casa, ambayo kwa Kiswahili ningeiita Mitego ya Nyumba, na mwandishi wake ni Sor Juana Inés de la Cruz, aliyeishi katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Jeromu katika Jiji la Meksiko tangu mwaka 1669 mpaka alipofariki kwa tauni mwaka 1695.

Msomaji atashangaa mtawa ana kazi gani na tamthilia ya wapenzi wanaotoroshana usiku. Jibu liko katika maisha yake. Alizaliwa nje ya ndoa kijijini Nepantla, na mama yake hakujua kusoma wala kuandika. Katika ujana wake alipelekwa kukaa katika jumba la makamu wa mfalme wa Hispania, aliyeitawala Meksiko kwa niaba yake, kama mmoja wa mabinti wa kumhudumia mke wa mtawala huyo, na huko akasifika kwa elimu yake kuliko ilivyotarajiwa kwa msichana wa zama zile. Baadaye, katika barua yake maarufu ya mwaka 1691, alieleza waziwazi kwamba aliingia utawani kwa sababu hakutaka kabisa kuolewa, na kwamba alitafuta mahali ambapo angeweza kusoma vitabu vyake kwa utulivu. Hakukata uhusiano na wakubwa: watawala waliofuata walimtembelea penye dirisha la nondo, wakamwagiza mashairi ya sherehe, naye akawaandikia. Tamthilia ninayoizungumzia ilichezwa tarehe 4 Oktoba 1683 katika nyumba ya mtu binafsi, mbele ya makamu wa mfalme na mkewe, ilhali mwandishi wake, kwa kanuni ya shirika lake, hakuruhusiwa kutoka nje ya ukuta kwenda kuitazama.

Kisa chenyewe kimesukwa kwa makusudi kama uzi uliofumbatana. Doña Leonor anatoroka kwao na mpenzi wake, Don Carlos. Don Pedro, anayemtaka Leonor naye hatakiwi, anawavisha watu wake sura ya askari wa sheria, wanamkamata msichana njiani na kumpeleka "ahifadhiwe" katika nyumba ya Pedro huyohuyo, chini ya uangalizi wa dada yake, Doña Ana. Carlos naye, akikimbia mkono wa sheria, anabisha hodi katika nyumba ileile bila kujua ni ya nani, na Ana anampokea kwa kuwa amekwisha kumpenda, ingawa chumbani mle amejificha mchumba wake wa zamani, Don Juan. Kuanzia hapo taa inazimwa, watu wanapapasana gizani, na kila mmoja anamtamkia maneno matamu mtu asiye wake. Hata jina la tamthilia ni utani, kwa kuwa linacheza na jina la tamthilia ya Calderón, mwandishi mashuhuri wa Hispania, Los empeños de un acaso, ambayo watazamaji wale waliijua.

Vichekesho vya namna hiyo Hispania ilikuwa navyo tele, na kama ingekuwa hivyo tu nisingeomba tafsiri. Jambo linalonivuta ni kwamba mtawa huyu anakitumia kichekesho kuuliza swali zito: mwanamume anayesema anampenda mwanamke, anapenda nini hasa? Katika tendo la kwanza Leonor anasimulia maisha yake kwa kirefu, jinsi alivyopenda masomo tangu utotoni na jinsi sifa zilivyomzunguka mpaka zikawa mzigo. Ni vigumu kutosikia humo sauti ya mwandishi. Halafu swali linapata jibu lake katika tendo la tatu, kupitia mtumishi wa Carlos aitwaye Castaño.

Castaño ametumwa apeleke barua kwa baba yake Leonor, naye anaogopa kufa, kwa kuwa alihusika katika kumtorosha binti. Mchezo umewekwa Toledo, mji wa Hispania, lakini yeye anasema wazi kwamba amezaliwa ng'ambo, katika makoloni, na anamwomba msaada Garatuza, tapeli mashuhuri wa Meksiko, kama mtu anavyomwomba mtakatifu wa kwao. Kisha anakumbuka kwamba anazo nguo za Leonor alizopewa azibebe. Anazivaa pale pale jukwaani, moja baada ya nyingine: anafunga nywele, anavaa sketi, anaingiza mikono katika glavu ili isimtoe siri, anashika kipepeo cha kujipepea, huku akiwageukia wanawake waliokaa mbele yake na kuwauliza maoni yao. Alipoishika nguo ya buluu anajisifu kwamba mtu mwenye rangi nyeusi kama yake hupendeza sana katika rangi ya mbingu. Nimejaribu kuyaweka maneno hayo katika utenzi, kwa kulegeza kidogo:

Buluu hii ya mbingu
yafaa weusi wangu,
sioni dosari kwangu,
nani asonipendea?

Sikuchagua utenzi kwa bahati. Sehemu kubwa ya tamthilia hii imeandikwa katika mishororo ya silabi nane, na utenzi wetu una mizani nane. Mtafsiri anakuta nyumba imekwisha kujengwa, kazi yake ni kupanga vyombo. Vilevile shela ndefu ya Castaño haihitaji maelezo kwa watu wa pwani. Kijana wa kikundi chetu cha maigizo hapa Tanga alipoijaribu sehemu hiyo aliazima buibui la dada yake, na kabla hajatamka neno kina mama waliokuwa wakipita walikwisha kusimama dirishani.

Basi Don Pedro anaingia, anamkuta Castaño amejifunika, na anaanza kumbembeleza akidhani ni Leonor. Castaño anajibu kwa maneno ya jikoni na ya mtaani. Pedro anashangaa kidogo, anameza, anaendelea kubembeleza. Mwanamke aliyesifiwa mji mzima kwa akili na ufasaha, huyu anayedai kumpenda hawezi kumtofautisha na mtumishi wa kiume aliyefunikwa kitambaa. Mwishoni wengine wanapata wenzi wao, naye Pedro anabaki mikono mitupu.

Tamthilia yake nyingine ya kidunia, Amor es más laberinto, ya mwaka 1689, inamhusu Teseo, shujaa wa hekaya za Kigiriki, na binti wawili wa mfalme wa Krete. Tendo la pili liliandikwa na Juan de Guevara, na kwangu mimi kiungo kinaonekana. Hata hivyo ina hotuba moja ya ajabu, ambamo Teseo anasema kwamba binadamu wote huzaliwa sawa na kwamba ni matendo yaliyowatenga watawala na watawaliwa. Maneno hayo yalisemwa katika sikukuu ya kuzaliwa ya makamu wa mfalme! Nisimpambe mwandishi kupita kiasi, maana mtawa huyu huyu alipewa mtumwa wa kike na mama yake, na baadaye akamuuza kwa dada yake.

Nikirudi kwenye Mitego ya Nyumba, nina ombi moja kwa yeyote atakayeitafsiri. Katikati ya matendo kulikuwa na vichekesho vifupi, na katika cha pili wanatokea watu wawili wanaolalamika kwamba mchezo ni mrefu na mbovu, wanamsema mwandishi, kisha wanapiga miluzi. Sor Juana aliwaandika mwenyewe. Waongozaji wengi wangewakata ili kuokoa muda; mimi ningewaketisha miongoni mwa watazamaji, kwenye viti vya kawaida, bila mtu kuarifiwa, waanze kuzomea pale ambapo jirani yao ameanza kutazama saa.